Shajara ya mradi: kompyuta ya gemu ya miaka 8, Lubumbashi

Juma la 1. Sharti moja, na mashine ya kwanza inakataliwa

Lengo: kompyuta ya mezani ya kuchezea gemu, itakayokaa nyumbani Kampemba, hapa Lubumbashi, idumu miaka 8 kwa kubadilishwa kipande kimoja kimoja. Skrini tayari ipo: inchi 27, pikseli 2560 kwa 1440, Hz 144 (picha 144 kwa sekunde). Gemu ni za mpira, mbio za magari na za kupigana risasi mtandaoni.

Sharti ni hili: kila kipande kitoke kwa bisibisi ya nyota, na nafasi yake ichukuliwe na kipande cha kampuni nyingine yoyote, kiwe kimenunuliwa hapa mjini, Ndola ya Zambia au Dar es Salaam.

Kwa sharti hilo mashine ya kwanza ilianguka siku hiyohiyo. Ni ile kompyuta nyembamba ya ofisini iliyokwisha kutumika, inayoshuka kwa makontena kutoka Ulaya na kupangwa kwa safu katikati ya mji. Bei yake inavutia, na muuzaji hakosi kusema kadi ya michoro, ile inayotengeneza picha za gemu, "utaongeza baadaye". Tulifungua ubavu palepale. Pawa saplai, kile kisanduku kinacholisha umeme vipande vyote, ni ya wati 240, umbo lake si la kawaida, na inaupa ubao mama (ubao mkuu unaounganisha vipande vyote) volti 12 peke yake kwa plagi ya pini 6. Pawa saplai ya kawaida ina plagi ya pini 24, kwa hiyo ikiungua hii, hakuna ya dukani inayoingia. Nafasi ya kadi ni ya nusu kimo. Waya wa kuilisha kadi haupo. Matundu ya skrubu ya ubao hayalingani na kasha jingine lolote. Juu ya hayo, prosesa, ubongo wa kompyuta, ni Intel ya kizazi cha 7, ambayo haimo kwenye orodha ya Windows 11, na Windows 10 iliachwa kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025.

Mwenye kununua mashine iliyokwisha kuunganishwa asianze na kuuliza gigabaiti. Afungue ubavu ahesabu pini za plagi kubwa kwenye ubao: 24 ni dalili njema, 6 au 10 ni kufungwa kwa kampuni moja. Kisha apime ubao kwa rula. Wa kawaida ni milimita 305 kwa 244 au 244 kwa 244. Vipimo vya ajabuajabu, afunge ubavu aondoke.

Juma la 2. Soketi ya prosesa

Soketi ni kikalio cha prosesa kwenye ubao. Hapa ndipo umri wa kompyuta unapoamuliwa, kwa hiyo tulikaa siku tatu.

Soketi AM4 ya AMD ilianza 2016. Mwaka 2022 ilipokea Ryzen 7 5800X3D, prosesa ambayo hadi leo inacheza gemu vizuri, na bodi nyingi za 2017 zinaipokea baada ya kusasishiwa BIOS, programu ya msingi ya ubao. Huo ndio mfano tunaoutaka. Lakini AM4 imefika mwisho wake wa kupanda. Intel LGA1700 ya 2021 ilibeba vizazi vitatu, cha 12, 13 na 14, kisha 2024 ikaja LGA1851 na ubao wa zamani ukaachwa. AM5 ilitoka Septemba 2022, imekwisha kubeba prosesa za Ryzen 7000, 8000G na 9000, na AMD imeahidi kuitegemeza hadi 2027 na zaidi. Tumechukua AM5.

Pingamizi lilikuwepo, na lilikuwa la haki: mwishoni mwa 2025 bei ya RAM (kumbukumbu ya kazi ya kompyuta) ilipanda vibaya duniani kote, viwanda vikielekeza uzalishaji kwenye seva za akili bandia. AM5 inataka RAM ya aina mpya, DDR5, tu. Kwa AM4 mtu anaweza kutumia aina ya zamani, DDR4, aliyonayo. Mwenye DDR4 ya GB 32 mkononi, AM4 na prosesa iliyotumika ni njia ya busara. Sisi hatuna, na kununua DDR4 mpya kwa soketi iliyofika mwisho ni kulipia mara mbili.

Prosesa ya kuanzia ni Ryzen 5 7600: viini 6, nyuzi 12 (kazi 12 kwa wakati mmoja), wati 65 kwenye karatasi na 88 ikisukumwa, na michoro midogo ndani yake. Ilitoka Januari 2023 kwa dola 229. Ile michoro midogo tumeitaka kwa makusudi. Kadi ikifa, mashine bado inaonyesha picha, na fundi anaweza kutafuta kosa bila kuazima kadi. Ndugu yake 7500F haina.

RAM: GB 32 kwa vipande viwili vya 16, DDR5-6000 (kasi), CL30 (uchelewaji), yenye wasifu wa EXPO (mipangilio ya kasi iliyohifadhiwa ndani ya RAM). Wazo la kuanza na kipande kimoja ili kupunguza gharama lilijadiliwa likakataliwa. Kipande kimoja kinanyima prosesa nusu ya njia ya kumbukumbu, na cha pili kikinunuliwa mwaka ujao huenda chipu zake ni tofauti, vikagoma kwenda pamoja. Vipande vinne navyo havifai: Ryzen 7000 ikibebeshwa vinne, kasi rasmi inashuka hadi 3600. Matundu mawili ya ubao yatabaki matupu maisha yote, na hilo si kasoro.

Juma la 3. Umeme

Kompyuta nyingi za Lubumbashi haziuawi na uzee. Ukutani ndiko kifo kinakotokea, na ndiyo maana juma hili lina kurasa nyingi kuliko mengine.

Tulipima kwa multimita siku tano. Kati ya saa 1 na saa 3 usiku, wakati kila nyumba inapika, plagi ilitoa volti 181 hadi 190. Saa 9 usiku ikapanda hadi 238. Kipimo cha tatu ndicho kilichotusumbua: kati ya fezi (waya wa moto) na pini ya ardhi tulisoma volti 70 zikipanda na kushuka kama mshumaa kwenye upepo. Waya wa ardhi ulioungwa vizuri ungeonyesha karibu sawa na kipimo cha fezi na nyutro (waya wa kurudi). Namba inayoyumba hivyo maana yake waya umeishia ndani ya ukuta, haukufungwa popote.

Nyumba ya namna hiyo, ukigusa kasha la chuma kwa mgongo wa mkono unahisi kama chungu wanatembea. Watu husema kompyuta "inapiga". Ndani ya pawa saplai kuna kapasita mbili za kuchuja kelele, zinazounganisha fezi na nyutro kwenye chuma. Pasipo ardhi, chuma kinabaki kwenye nusu ya volti za ukutani. Mkondo ni mdogo sana, mtu hadhuriki, ila ukichomeka kebo ya HDMI wakati skrini na kompyuta zote zimewashwa, ule mkondo unaweza kupita kwenye kebo na kuua tundu la kadi.

Fundi wa umeme alichimba nje ya dirisha, akapiga nguzo ya shaba ya mita 1.5. Kipimo cha ardhi: omu 140. Udongo wetu mwekundu ukikauka haupitishi. Akaongeza nguzo ya pili umbali wa mita 3, akajaza mashimo makala yaliyosagwa na chumvi, akamwagilia. Omu 48. Bado tunataka chini ya 30, lakini kasha limeacha kupiga.

Sasa pawa saplai. Nyingi zilizo nzuri hukubali volti 100 hadi 240, kwa hiyo 181 haiziumizi. Tuliyochukua: wati 750, 80 Plus Gold (alama ya kutopoteza umeme mwingi), ATX 3.1 (kiwango kipya cha pawa saplai), waya zote za kuchomoa, dhamana ya miaka 10. Kwa nini 750 wakati mashine italamba nusu tu? Kwa sababu kipande hiki kitaishi kupita kadi mbili, na kikifanya kazi nusu ya uwezo wake hakichoki wala hakipigi kelele.

Uangalifu dukani: bandika jicho kwenye kibandiko cha ubavuni, mstari wa +12V. Ya kweli ya wati 750 inaandika ampea 62 hivi, maana 62 mara 12 ni 744. Tulishika moja iliyoandikwa "750W" kwa herufi kubwa kama kidole gumba, na kwenye mstari wa +12V imeandikwa 18A. Hizo ni wati 216. Ilikuwa nyepesi kama mkate. Tena ile yenye swichi ndogo nyekundu ya 115 na 230 nyuma yake: mtoto akiisukuma kwenye 115 kwa nchi ya volti 220, inalipuka mara unapowasha.

UPS, betri inayoshika mashine umeme ukikatika, ambayo mjini kila mtu anaiita onduleur, tuliihesabia hivi. Prosesa 88, kadi 160, vilivyobaki 50: jumla wati 298. Gawa kwa 0.9 kwa upotevu wa pawa saplai, ni 331. Skrini 35. Jumla 366. UPS ya VA 650 (ukubwa unaoandikwa kwenye sanduku) kwa kawaida hutoa wati 360 hadi 390, maana yake italia na kukata katikati ya mechi. Tumechukua VA 1000 yenye wati 600. Ikija kadi ya wati 304, hesabu inafika kama 526: bado ndani, kwa shida. Siku hiyo tutatazama VA 1500.

Jambo ambalo wengi hawalioni: volti 181 haziiumizi pawa saplai, ila zinaidanganya UPS. Inadhani umeme umekatika, inahamia kwenye betri, inarudi, inahama tena, usiku mzima. Betri ya risasi ya 12V 9Ah haiwezi maisha hayo. Ndiyo maana mbele ya UPS tumeweka kituliza volti cha VA 2000 chenye kuchelewesha sekunde 180 umeme unaporudi. Ule mrudio wa kwanza baada ya kukatika, friji na pasi zote za mtaa zikiamka pamoja, ndio mbaya kuliko kukatika kwenyewe.

Juma la 4. Kadi na kasha

Kadi ndiyo kipande kitakachozeeka kwanza, kwa hiyo haikupewa fedha zote. Radeon RX 9060 XT ya GB 16 ilitoka 2025 kwa dola 349, wati 160, plagi moja ya pini 8. GeForce RTX 5060 Ti ya GB 16 ilitoka kwa dola 429, wati 180. Zote mbili zinatosha skrini hii. Tulichukua ya kwanza. Zipo zenye jina lilelile lakini GB 8, na sanduku linafanana mno: soma namba, usisome jina. Picha za gemu zikizidi kumbukumbu ya kadi hulazimika kupita kwenye RAM ya kawaida, na hapo hata kama namba ya fremu (picha kwa sekunde) haijashuka sana, picha inakwamakwama unapogeuka. Kwa kukaa miaka 4, GB 8 haifai.

Kasha: uso wa matundu, vichujio vinavyotoka bila bisibisi, nafasi ya kadi milimita 360, kipoza cha prosesa hadi milimita 165. Feni tatu zinaingiza hewa, moja inatoa. Zikiingiza zaidi ya zinavyotoa, hewa inavuja nje kupitia nyufa, na vumbi linalazimika kupita kwenye kichujio. Ubavu wa kioo tuliuacha. Safari ya kamyo kutoka Dar es Salaam kupita Tunduma hadi Kasumbalesa haina huruma na kioo.

Neno kuhusu malipo: noti za dola zikaguliwe nyumbani kabla ya kwenda. Mpasuko wa milimita mbili pembeni, muuzaji anairudisha.

Juma la 6. Vipande vimefika

Ubao ni B650, wa soketi AM5, wa milimita 244 kwa 244, wenye kitufe cha kusasisha BIOS bila prosesa. Kitufe hicho kina thamani kuliko taa za rangi zote. Miaka minne ijayo prosesa mpya itakapokuja, ubao utaweza kujifunza kuitambua hata kama ya zamani imekwisha kuuzwa.

Kabla ya kulipa sehemu ya mwisho tulifungua kifuniko cha soketi na kumulika kwa tochi ya simu, kwa mlalo. AM5 ina pini 1718, na ziko kwenye ubao, si kwenye prosesa. Zikiwa sawa, mwanga unatembea juu yake kwa mistari minyoofu kama shamba la mahindi lililopandwa kwa kamba. Pini moja iliyolala inavunja mstari, na jicho linaiona. Kurudisha ubao kwa dhamana ni jambo la miezi, basi ukaguzi huu wa dakika mbili ndiyo dhamana yenyewe.

Juma la 7. Kuunganisha, na makosa mawili

Mfuatano: prosesa, RAM, SSD (hifadhi ya data) ya TB 1 na kipoza vyote vikiwa kwenye ubao juu ya sanduku lake, jaribio la kwanza nje ya kasha, ndipo pawa saplai, ubao kasha­ni, na kadi mwisho. RAM iende tundu la pili na la nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa.

Kosa la kwanza. Tuliwasha, feni zikazunguka, skrini nyeusi. Taa ndogo ya njano ya DRAM ikawaka. Baada ya sekunde 40 mkono mmoja ulizima swichi. Tukawasha, hivyohivyo. Ubao haukuwa na tatizo. DDR5 kwenye AM5, mara ya kwanza, inajipima yenyewe ili kupata muda sahihi wa kila waya, na kwa GB 32 hiyo inaweza kuchukua dakika kadhaa. Kila unapozima, inaanza upya. Mara ya tatu tuliweka saa mezani tukaondoa mikono: picha ilitokea baada ya dakika 4 na sekunde 10. Fikiria jambo hilo likitokea nyumba isiyo na UPS, umeme ukienda na kurudi: mtu atapeleka ubao mzima kwa fundi, na fundi naye atauza RAM mpya.

Kosa la pili. Kipoza kilichokuja na 7600 kinafungwa kwa skrubu nne zenye springi, baada ya kutoa vishikio viwili vya plastiki. Jaribio la mzigo: nyuzi 95 za joto ndani ya sekunde 10, ambayo ndiyo dari ya prosesa hii. Tulipokifungua, pesti ya joto ilikuwa imetandazika upande mmoja tu, upande wa pili iko kama ilivyotoka kiwandani. Skrubu mbili za kushoto zilikazwa hadi mwisho kabla ya kugusa za kulia. Tukafuta kwa spiriti, tukaweka pesti mpya kiasi cha punje ya harage, tukakaza kwa msalaba, nusu mzunguko kila skrubu. Nyuzi 86. Ni halali, lakini mji uko karibu mita 1,200 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kwa asilimia 11 hivi, na Oktoba chumba hiki kinapata nyuzi 31. Tumeweka kipoza cha mnara chenye feni mbili, kimo milimita 155. Nyuzi 68. Kipoza hicho kitabaki hata prosesa ikibadilishwa.

BIOS ilisasishwa ikiwa juu ya UPS, kabla ya kuwasha EXPO. Sababu ni volti za SoC (sehemu ya prosesa inayoendesha kumbukumbu): mwaka 2023 baadhi ya Ryzen 7000X3D ziliungua, na AMD ikaweka kikomo cha volti 1.3 kwenye BIOS zilizofuata. Tulisoma 1.24. Kisha MemTest86, programu ya kupima RAM, mizunguko minne, usiku kucha, makosa sifuri.

Onyo la waya: za pawa saplai ya kuchomoa zisichanganywe na za pawa saplai nyingine, hata plagi ikiingia vizuri. Upande wa pawa saplai kila kampuni hupanga pini inavyotaka, na volti 12 zikiingia palipotakiwa 5, SSD inayolishwa kwa waya hizo inakufa papo hapo. Waya za ziada tumezitia mfukoni na kuufunga ndani ya kasha.

Juma la 8. Majaribio

Skrini ichomekwe kwenye kadi, si kwenye ubao. Kisha uingie kwenye mipangilio ya Windows uweke Hz 144, maana huanza kwenye 60.

Jaribio la UPS: gemu ikiendelea, plagi ya ukutani inachomolewa. Mara tatu. Ya kwanza na ya pili salama, ya tatu mashine ikazima. Tuligundua kituliza volti na printa vyote viko kwenye UPS, si mbele yake. Kijana aliyesafisha meza alichomeka palipo wazi. Baada ya kupanga upya, mara kumi bila kuanguka, na betri ikatupa dakika 7. Zinatosha kuhifadhi na kuzima.

Kadi tuliipunguzia wati kwa asilimia 10 kwenye programu yake. Fremu zilipungua 3 kwa kila 100, joto likashuka nyuzi 6.

Gemu zenyewe: moja ina GB 100, na kuivuta kwa intaneti ya simu ni kumaliza falanga. Steam, duka la gemu mtandaoni, tangu 2023 inaruhusu kunakili kutoka kompyuta nyingine kwenye mtandao wa nyumbani. Kebo ya Cat 5e kati ya mashine mbili, gigabiti 1, GB 100 zikapita kwa dakika 16. Sasisho la mwisho tu ndilo lililotoka nje.

Juma la 10. Vumbi

Julai. Baada ya siku 14 kichujio cha mbele kimekuwa na rangi ya tofali, na joto la kadi limepanda nyuzi 4. Kikaoshwa kwa maji na kukaushwa kivulini, joto likarudi. Kiangazi chote ratiba ni kila majuma mawili. Masika, kila miezi miwili. Ndani tunatumia brashi laini ya rangi na kipulizio cha mkono, feni imeshikwa kwa kidole isizunguke. Kompresa ya fundi wa matairi hapana: tangi lake hukusanya maji, na yanatoka na upepo.

Kilichobaki

Kadi itabadilishwa mwaka wa 4 na ya sasa kuuzwa ingali na thamani. Prosesa mwaka wa 5 au wa 6, tukitafuta X3D (prosesa yenye kumbukumbu ya ziada ndani) iliyotumika, ya soketi hiihii. Betri ya UPS mwaka wa 3, na tarehe ya kununuliwa imeandikwa kwa kalamu juu yake. Vipimo vyote vya shajara hii vimebandikwa ndani ya ubavu wa kasha, pamoja na karatasi ya pini za pawa saplai.

Nguzo ya tatu ya shaba imekwisha nunuliwa. Inapigwa ardhini Septemba, kabla ya radi za kwanza, na kipimo cha omu kitaandikwa hapa.